Viroba Tisa vya Ihanja

Mzee Mansuri alikuwa na ghala la nafaka nyuma ya soko kuu la Singida tangu enzi za ruksa, pale vizuizi vya barabarani vilipoondolewa na mtu akaweza kusafirisha gunia la mahindi kutoka wilaya hadi wilaya bila kujifichaficha kama mwizi. Miaka ya kwanza mambo yalimnyookea. Wenye magari walikuwa wachache, wenye maghala wachache zaidi. Lakini soko huria, jamani, halina undugu. Mlango uliomfungukia yeye uliwafungukia na wengine, na kufikia mwaka elfu mbili na tatu malori ya Dar es Salaam yalikuwa yanashusha mchele na sembe moja kwa moja madukani, huku Mzee Mansuri akibaki kutazamana na mahindi yaliyotobolewa na wadudu.

Ndipo aliporudi Hanifa, bintiye wa pili. Alikuwa amesoma uhasibu mjini Dar, akafanya kazi mwaka mmoja kwa muuza jumla wa Kariakoo, na hapo Kariakoo alijifunza kitu alichoona kitamwokoa baba yake. Alishuka basi na kompyuta iliyofungwa kwa blanketi. Alikuwa ameikatia tiketi yake yenyewe, kiti cha dirishani, na kondakta alipotaka kumkalisha mtu hapo walishikana maneno mpaka Dodoma.

"Baba, mali bila daftari hupotea bila habari," alimwambia.

"Daftari ninalo," Mzee Mansuri akajibu, akijigonga utosini.

"Hilo likiugua je?"

"Una mdomo kama bibi yako," akasema baba, akacheka, akamwachia ofisi.

Programu aliyokuja nayo kwenye kompyuta haikuwa na miujiza. Kila kinachoingia unakiandika: aina, uzito, tarehe. Kila kinachotoka unakiandika pia, na jina la aliyekichukua. Kisha mwisho wa mwezi inakuonyesha kipi kinakimbia na kipi kimelala. Basi! Lakini kwa mtu aliyezoea kununua kwa kukisia, hilo lilikuwa kama kufumbuliwa macho. Hanifa aliona kwamba wenye maduka ya huko machimboni hawataki tena mfuko wa sembe wa kilo hamsini, wanataka wa ishirini na tano ambao mtu mmoja anaubeba kichwani. Aliona kwamba shule za bweni zinanunua maharage wiki mbili kabla ya kufungua, wala si siku ya kufungua. Dagaa walikimbia kila nyama ilipopanda bei. Programu haikujua mwezi mwandamo, kwa hiyo tarehe za Mfungo aliziongeza mwenyewe kwa mkono, na sukari ya futari ya mwaka ule iliingia ghalani kabla majirani hawajaanza kuitafuta. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, magunia yalikuwa yanatoka kabla ya kuoza.

Tusimwonee binti wa watu, alifanya kazi.

Siku ya kuorodhesha bidhaa alikaa na baba yake kutoka alasiri mpaka magharibi. Baba anataja, binti anaandika: mahindi, mtama, karanga, alizeti, vitunguu, mpaka chumvi ya mawe. Mzee Mansuri hakusahau hata magunia matupu. Kitu kimoja tu hakukitaja, nacho ni viroba tisa vya uwele vilivyokaa kona ya kushoto, kila kimoja kimefungwa mdomo kwa kipande cha khanga. Hakuvificha. Kwake vile havikuwa bidhaa, kwa hiyo havikumjia kichwani, kama ambavyo mtu akiulizwa anauza nini hawezi kutaja mswala wake.

Viroba vile vilikuwa mbegu za akina mama wa kijiji cha Ihanja. Aliyeanza alikuwa Emiliana, miaka kumi na sita iliyopita, wakati huo mama mwenye watoto wadogo watano na mume mpenda pombe. Alikuja na mbegu yake begani akamwambia Mzee Mansuri, "Nitunzie hii. Nikija kabla ya mvua usinipe. Hata nikija na njaa, hata nikikulilia, usinipe." Mbegu ikikaa nyumbani italiwa, ndiyo maana yake; na mtu hawezi kujinyima mwenyewe mbele ya mtoto anayelia, lazima awepo mtu baki wa kumnyima. Mzee Mansuri akakubali. Mwaka uliofuata wakaja wawili, kisha watano, mwishowe wakawa tisa. Hakuna aliyelipa kitu, wala hakuna kilichoandikwa. Mwaka mmoja wa njaa kali Emiliana alikuja kweli, akapiga magoti, akalia. Mzee Mansuri akamnyima mbegu, akampa debe la unga kwa gharama yake, naye mwenyewe akaenda nyuma ya ghala kufuta machozi.

Hayo yote Hanifa hakuyajua. Alikuwa mtoto, kisha akawa shuleni, kisha akawa Dar. Aliyeyajua alikuwa Mughwai, mtunza ghala wa siku zote, ambaye Mungu alimchukua mwaka uliotangulia. Wabebaji waliobaki walikuwa vibarua wa kutwa, leo huyu kesho yule. Kwa hiyo Hanifa alipoingia ghalani kuhesabu, alivikuta vile viroba, akavipima, akapata kilo mia moja na arobaini. Programu ikamuuliza aina. Akaandika uwele. Angemuuliza baba yake swali moja tu, hadithi hii isingekuwepo. Hakuuliza, kwa sababu uwele ni uwele.

Mwishoni mwa Oktoba Mzee Mansuri alipelekwa Dodoma kutolewa mtoto wa jicho. Huku nyuma kioo cha kompyuta kikaonyesha mstari mwekundu: uwele, siku mia moja na kumi, hakuna kilichotoka. Mali iliyolala. Wiki hiyohiyo akapita mfanyabiashara wa unga wa lishe kutoka Dar, anatafuta uwele kwa udi na uvumba, lori lake lina nafasi kidogo. Hanifa akampa viroba sita. Vitatu vilivyobaki vilikaa mpaka Desemba mosi, siku alipokuja mama mmoja mpika pombe wa Mwankoko, anaitwa Cecilia, akavichukua vyote. Mstari mwekundu ukafutika. Hanifa akafagia kona, akapanga mafuta ya alizeti, akafurahi.

Baba alikuwa amerudi, lakini daktari alimkataza vumbi. Alikaa ofisini na miwani yake myeusi, akisikiliza redio na kusifiwa na wateja kwa kuzaa mtoto mwenye akili. Ghalani hakuingia.

Mvua ya kwanza ilinyesha Ihanja usiku wa kuamkia tarehe tatu. Asubuhi ya tarehe nne Emiliana alisimama mlangoni pa ofisi na wenzake wawili, miguu imejaa tope mpaka magotini.

"Shikamoo, mama," Hanifa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Mzee, macho yanaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu, Mama Emiliana, yanaona," akasema Mzee Mansuri, na uso wote ulikuwa umemchangamka. "Imenyesha?"

"Imenyesha. Tumekuja."

"Hanifa, wafungulie kona yao."

"Kona ipi, baba?"

"Ya kushoto. Ile mbegu."

Hanifa alimtazama baba yake, akawatazama wale wanawake, na kabla hajafungua mdomo Mzee Mansuri alikuwa ameshajua. Alivua miwani. Jicho moja lilikuwa bado jekundu.

"Umeuza," akasema.

"Baba, hukuniambia. Hukutaja. Nilidhani ni..."

"Umeuza yote?"

"Yote."

Angemgombeza ingekuwa afadhali. Angempiga hata kofi mbele za watu, Hanifa angeshukuru. Mzee Mansuri alinyanyuka kwenye kiti, akaenda kusimama mbele ya Emiliana na kusema, "Sina. Mbegu yenu imeuzwa. Imeuzwa chini ya paa langu, na mimi nipo hai."

Wale wanawake wawili wakaanza kusemezana kwa Kinyaturu, haraka, sauti juu. Hanifa alishika nusu tu, na nusu hiyo ilimtosha. Emiliana alikaa kwenye ngazi ya mlango akanyoosha miguu yenye tope.

"Mwaka ule wa njaa ulininyima," akasema hatimaye.

"Nilikunyima."

"Nilikulilia nikakushika miguu, ukaninyima. Nilirudi nikawaambia wanangu, tutalala na njaa lakini yule mtu ni mwaminifu."

Mzee Mansuri alitaka kuwanunulia sokoni magunia mawili ya uwele wa Dodoma, awape bure, saa ileile. Emiliana akatikisa kichwa. Uwele wa Dodoma hauna ndevu, akasema. Wa kwao suke lake lina ndevu ngumu zinazochoma, ndege akitua anaruka. Huo usio na ndevu ukiupanda Ihanja, unalima wewe na wanakula kweleakwelea. Mbegu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake aliipata kwa mama yake. Hakuna duka linaloiuza.

Hapo ndipo Hanifa alipokimbilia kompyuta. Aliandika uwele, na kila kilichotoka kikajipanga kwenye kioo. Lori: jina, namba ya simu. Akapiga. Mtu wa unga wa lishe akacheka, akamwambia uwele ule ulishasagwa siku nyingi, watoto wa Temeke wameshakunywa uji na kusahau. Mstari wa pili: Cecilia, Mwankoko, viroba vitatu, siku tatu zilizopita.

"Kuna vitatu," akasema. "Mama, kuna vitatu!"

Wakapanda pikapu ya ghala, Mzee Mansuri mbele, akina mama nyuma. Hanifa aliendesha kama mwendawazimu.

Cecilia walimkuta anafua uani. Aliposikia neno mbegu alidondosha nguo kwenye beseni. "Mbegu? Mimi nimeuziwa mbegu? Ghala zima la mtu mzima linaniuzia mbegu za watu nipikie pombe?" Aliwaongoza kwenye kibanda cha nyuma, akafunua magunia yaliyoloa. Uwele wote ulikuwa umetandazwa chini, umelowekwa, umeshachipua, kila punje ina kijimzizi cheupe. Kimea. Kesho yake angeuanika juani, Jumamosi kuna kipaimara, watu wa pombe wameshalipa.

Mzee Mansuri hajawahi kuingia nyumba ya pombe maisha yake yote. Alisimama kizingitini kidogo, kisha akaingia, akachutama, akainua punje chache karibu na jicho lake bovu.

"Imekufa?" akauliza.

Emiliana alichutama upande wa pili. "Haijafa. Imeamka," akasema. "Ila ikishaamka hailali tena. Leo iingie ardhini. Kesho haifai."

Cecilia alilaani, akalaani tena, akataja watu wa kipaimara mmoja mmoja kwa majina, na huku analaani alikuwa anazoa kimea kwa viganja na kukiweka kwenye beseni. Alipopewa pesa yake alichukua ya viroba vitatu, hakuongeza hata senti ya kuni. "Baba yangu ni mkulima," akasema. "Nendeni."

Saa saba mchana walikuwa Ihanja. Mbegu ilifunikwa khanga mbichi, na njia nzima Emiliana aliinyunyizia maji ya chupa. Vile viroba vitatu vilikuwa vya nani kati ya wale tisa, hakuna aliyejua tena, vipande vya khanga vilishatupwa. Basi wanawake wote tisa wakaitwa, wakaamua wenyewe: igawanywe sawa. Ikapimwa kwa kikombe. Wakatawanyika mashambani kila mtu na sehemu yake, kwa mwendo wa kukimbia.

Hanifa alibaki kwa Emiliana. Alivua viatu vyake vya mjini, akafundishwa: toboa kwa kidole, weka punje mbili, mzizi utazame chini, funika taratibu usiuvunje. Udongo ulikuwa na unyevu, chini kidogo. Mpaka jua linazama alikuwa amemaliza mistari sita na mgongo haunyooki. Wakati wote huo Emiliana hakumsema vibaya. Alimsahihisha tu pale alipokosea, kama anavyosahihishwa mtoto wa jirani. Hanifa alitaka kumwomba radhi na kila alipofungua mdomo aliishia kuuliza habari za punje, akaendelea kupanda.

Mvua haikurudi. Siku ya tano anga lilikuwa jeupe, siku ya kumi ardhi ikaanza kupasuka. Mbegu kavu ingesubiri chini, ndivyo mbegu ilivyoumbwa. Lakini ile ilikuwa imeshaamka. Hanifa alikwenda Ihanja kwa basi mara tatu. Kwa Emiliana alikuta vijimche vimetoa kichwa na kukauka vikiwa na urefu wa kidole. Kwa Klara, mmoja wa wale tisa, hivyohivyo, na kwa karibu wengine wote. Mvua iliporudi, siku ya kumi na saba, iliyosalimika ilikuwa kwa mwenzao Damari peke yake, kwa kuwa shamba lake liko bondeni na maji yalikawia kuondoka. Damari alihesabu mashina sabini na mawili. Akayajengea uzio wa miiba, akalala humohumo shambani miezi mitatu. Wenzake walipanda mahindi ya kuomba na uwele wa Dodoma, na ndege walifanya kama Emiliana alivyosema.

Hanifa naye hakukaa bure. Alimwita mtaalamu wa programu kutoka Arusha, akamweleza anachotaka, na yule kijana akashangaa, maana hajawahi kuombwa kitu kama hicho: ukurasa wa vitu vilivyomo ghalani ambavyo haviuzwi. Ukijaribu kuviuza mashine inakataa. Jioni za mwezi mzima Hanifa alikaa na baba yake akiandika yale ambayo kichwa cha mzee kilikuwa hakijawahi kuyataja. Gunia la mchele la misiba ya mtaa, ambalo haliguswi. Tende za msikiti. Mizani ya mjane wa Mughwai. Maharage ambayo masista huyaacha hapo wakisubiri gari. "Endelea, baba," alikuwa akisema, "na nini tena?" Orodha ikapita kurasa tatu. Juu kabisa yalikaa majina tisa ya wanawake wa Ihanja, na mbele ya kila jina nafasi tupu ya kilo. Kona ya kushoto aliiondolea mafuta, akaipiga chokaa, akaweka mbao chini ili unyevu usipande. Alimwambia baba yake, "Wakija mavuno watakuta pako tayari."

"Inshallah," Mzee Mansuri akasema.

Emiliana alikuja mwezi wa sita, peke yake, asubuhi, na miguu safi. Hanifa alimwona kupitia dirishani. Moyo ukamlipuka kwa furaha, akatoka nje mbio kumpokea, akakuta hana mzigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee, habari za siku?"

"Nzuri, Mama Emiliana. Karibu, karibu ukae. Mmevuna?"

"Tumevuna kwa Damari," akasema, akakaa. "Masuke yametoka na ndevu zake vizuri. Ameyagawa. Kila mtu kapata kibaba na ushee."

"Alhamdulillahi!" Mzee Mansuri alipiga mapaja kwa viganja vyote viwili. Hanifa alikuwa ameshaufungua ule ukurasa, kidole kiko juu ya jina la kwanza.

"Damari amejenga kihenge," Emiliana akaendelea, kwa upole, akimtazama mzee na si binti. "Tumekubaliana tuweke kwake, na yeye ndiye atakayetunyima. Nikaona si vizuri mkae mnatusubiri, ndiyo nimekuja niwaambie."

Redio ilikuwa inasoma bei za mazao. Mzee Mansuri aliinamisha kichwa mara mbili tatu, kama mtu anayesikia habari ya msiba aliyokwisha kuihisi.

"Mmefanya vizuri," akasema.

"Na mimi naomba radhi, mama," Hanifa akasema, na safari hii maneno yalitoka yote. "Kosa lilikuwa langu. Baba hakujua."

"Najua, mwanangu. Nilishakusamehe palepale shambani. Ulipanda vizuri." Akainuka, akajifunga khanga yake vyema. "Nipe sembe, ule mfuko wa ishirini na tano."

Hanifa aliubeba mwenyewe kutoka ghalani, hakumwachia kibarua. Alitaka asichukue pesa, Emiliana akaziweka mezani, noti baada ya noti, akazilaza sawasawa. Mfuko ulikuwa miguuni pake. Hakuubeba. Alisimama tu anangoja, na Hanifa hakuelewa anangoja nini.

"Na risiti, mwanangu," Emiliana akasema.

Mzee Mansuri aligeuka akatazama ukutani. Miaka kumi na sita, na hakuna mwanamke wa Ihanja aliyewahi kudai karatasi katika ghala lake. Hanifa akabonyeza, mashine ikanguruma kidogo, karatasi ikatoka. Akampa kwa mikono miwili.